Kabla ya kupiga picha, geuza jani

Kukhu yangu, yaani bibi yangu, aliishi ukingoni mwa msitu wa Kakamega na hakuwahi kufungua kitabu cha mimea, ila hakuwahi pia kuchanganya musine na musutsu. Ukimuuliza huu ni mti gani, hakuinua macho kuutazama kileleni. Aliinama, akaokota jani, akaligeuza. Jani la musine upande wa chini lina weupe wa fedha uliochanganyika na hudhurungi, kama limepita kwenye vumbi la barabara ya murram. Jani la musutsu lina umbo la moyo, ukiligeuza bado ni kijani, na likizeeka hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Ndiyo maana chini ya musutsu hukosi majani mawili matatu yanayowaka kama makaa. Kwa wataalamu wa mimea, musine ni Croton megalocarpus na musutsu ni Croton macrostachyus, miti miwili ya jenasi moja.

Siku hizi naishi Kitale, na tangu watu wajue kwamba napenda kupanda Mlima Elgon, wananitumia picha kutoka huko juu na swali lile lile: hiki ni nini? Picha zenyewe ni nzuri. Ukungu umetanda, jua linapenya kwenye mianzi, mti umesimama katikati kama bwana harusi. Lakini hakuna jani hata moja lililogeuzwa. Hakuna gome, hakuna tunda, hakuna anayejua picha ilipigwa kwenye mwinuko gani. Najikuta namuuliza mwenye picha maswali ambayo kukhu angeyajibu kwa mkono mmoja, na yeye ameshashuka mlima, amesharudi Kisumu au Nakuru, na mti umebaki ulikobaki.

Picha ya kupendeza na picha ya kutambulisha ni kazi mbili tofauti. Inawezekana kuzifanya zote siku moja, kwa simu hiyo hiyo, ila ni lazima ujue unachotafuta kabla ya kuitoa mfukoni.

Tuanze na mlima wenyewe, kwa sababu mlima ndio unaojibu nusu ya swali. Elgon, ambao Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba, ni volkano iliyozimika zamani sana. Jina Elgon linatokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaot wanaoishi kwenye miteremko yake. Mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake: kilele cha Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda, na Koitobos, mita 4,222, kiko kwetu. Katikati kuna kaldera, yaani shimo kubwa lililoachwa na volkano, yenye upana wa kilomita 8 hivi. Upande wa Kenya, hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 169 ilitangazwa mwaka 1968, na wengi wetu huingilia lango la Chorlim tukitokea Endebess.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mmea hauna blanketi wala hauwezi kuhama jioni, kwa hiyo kila mmoja una kimo chake ambacho ukikivuka haumo tena. Ukitoka langoni unaanzia kwenye msitu wa miti mirefu: podo, mierezi, mizeituni ya msituni. Ukifika kama mita 2,500 mianzi inaanza kutawala. Kuelekea mita 3,000 mianzi inapungua, unakutana na mirozirozi, yaani Hagenia, yenye magome mekundu yanayochanika kama karatasi, kisha vichaka vya erika vilivyoning'iniza ndevu za ukoga. Juu ya mita 3,500 ni nyasi za mafungu, baridi, na ile mimea ya ajabu inayowafanya watu watoe simu: lobelia na senesio kubwa kuliko mtu.

Sasa mtu akinitumia picha ya lobelia bila kusema aliipiga wapi, ana angalau nne za kuchagua. Lobelia gibberoa huota chini kwenye msitu na inaweza kufika mita 9. Lobelia aberdarica hupenda sehemu za wazi zenye unyevu, juu kidogo ya hapo. Zile mbili nyingine ni za huko karibu na vilele. Akiniambia "mita 2,300, kando ya kijito," nimeshaziweka pembeni mbili bila hata kufungua picha.

Kwa hiyo washa huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kuanza kutembea, na uhakikishe kamera imeruhusiwa kuitumia. Simu nyingi huandika ndani ya picha saa, mahali na mara nyingi mwinuko. Chini ya mianzi mizito setilaiti hazionekani vizuri, basi simama dakika moja na uipe simu nafasi. Mimi bado natembea na daftari dogo, kwa sababu mwinuko wa simu huweza kukosea kwa makumi ya mita, na kwa sababu kuna mambo ambayo picha haiyabebi: harufu, utomvu, ukavu wa udongo, sauti.

Harufu hasa. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za mti mmoja karibu na pango la Chepnyalil, mti mkubwa, gome jeusi lililopasuka vipande vipande kama magamba ya mamba. Nilipiga mwili wote, nikapiga kilele na mbega waliokuwa wameketi humo, nikaondoka nimeridhika. Nyumbani nikashindwa kuupa jina. Miti yenye gome jeusi lililopasuka ni mingi, na kwenye picha zangu majani yalikuwa madoa ya kijani tu. Niliporudi safari nyingine niliokota jani chini yake. Kikonyo chake kilikuwa na rangi ya waridi. Nililisugua vidoleni, ikatoka harufu ya lozi, ile ya keki za sikukuu. Hapo hakukuwa na swali tena: mwiritsa, Prunus africana, mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa iliwekewa udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995. Zilikuwa zimenipita safari nzima na picha karibu 30 kwa kukosa kuinama mara moja.

Tangu siku hiyo, mti mmoja kwangu ni picha nyingi. Mti mzima kwa mbali, ili umbo lionekane. Gome kwa karibu, kwenye kimo cha kifua. Tawi lenye majani kadhaa, kwa sababu namna majani yanavyopangwa ni ushahidi mkubwa: yanaota mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa kupishana? Jani upande wa juu, jani upande wa chini, na pale kikonyo kinapoungana na jani, maana musutsu kwa mfano ana vinundu viwili vidogo hapo hapo ambavyo usipovitafuta huvioni. Kisha ua au tunda, lililo juu ya mti au lililoanguka. Weka kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma, na hakuna haja ya kuchuma. Mti wenyewe umeshakudondoshea vya kutosha, ilimradi uhakikishe jani uliloliokota kweli ni lake na si la jirani. Kwa podo, tafuta matawi ya mti mchanga na ya mti mzee, kwani majani ya mche huwa marefu kuliko ya mzazi wake, na wengi wamedanganyika wakadhani wameona miti miwili.

Majina nayo yana mtego wake. Muulize fundi seremala wa Kitale kuhusu mbao za "Elgon teak" na atakuonyesha mbao ngumu yenye mistari ya kupendeza. Huo haumo kabisa katika ukoo wa mti wa teak tunaoujua kutoka Asia. Ni mzeituni wa msituni, Olea welwitschii, ambao wafanyabiashara wengine wa mbao wanauita loliondo. Vitabu vingine huuweka ndani ya Olea capensis. Majina matano, mti mmoja. Ndiyo sababu jina la kisayansi lina faida: halikosi kubadilika, ila kila badiliko limeandikwa na linaweza kufuatwa nyuma. Yale masenesio makubwa ya juu mlimani yaliwekwa kwa muda mrefu katika jenasi ya Senecio, hadi mwaka 1978 Bertil Nordenstam alipoyapa jenasi yao wenyewe, Dendrosenecio. Lile la Elgon ni Dendrosenecio elgonensis. Lenye makao ya juu zaidi liliwahi kuitwa spishi peke yake, barbatipes, na sasa wengi hulihesabu kuwa nususpishi. Ukikuta orodha mbili hazikubaliani, usidhani mmojawapo ni mwongo. Angalia kwanza ziliandikwa mwaka gani.

Na majina ya kwetu yasidharauliwe. Wasabaot na Waogiek wa Chepkitale wameishi na mimea hii kwa vizazi, na mzee akikupa jina la mti mara nyingi anakupa na matumizi yake, msimu wake wa maua na nyuki wanaoupenda. Liandike jinsi anavyolitamka, uandike na lugha yake. Ninachoomba ni usilitafsiri papo hapo kuwa jina la kisayansi, kwa sababu jina moja la nyumbani laweza kubeba spishi mbili zinazotumika kwa kazi moja.

Sasa twende juu, kwenye njia ya Koitobos, nikuonyeshe lobelia mbili zilizosimama hatua 20 kutoka kwa mwenzake. Gari huishia karibu na mita 3,500, na kutoka hapo ni miguu, pamoja na askari wa wanyamapori anayesindikiza wageni. Ondoka alfajiri. Asubuhi anga huwa safi, na kufikia saa tano au sita mawingu yanapanda kutoka bondeni na mwanga unakufa.

Ya kwanza iko kwenye mteremko mkavu. Kwa mbali inafanana na mnyama mwenye manyoya aliyesimama wima. Sogea. Manyoya hayo ni vijani virefu vyembamba vilivyofunika mnara wote wa maua, vimejaa vinyweleo vya kijivu, na ukivisogeza pembeni kwa ncha ya kidole unaona maua madogo ya buluu yamejificha ndani kama vifaranga. Vinyweleo hivyo huyakinga na baridi ya usiku. Hii ni Lobelia telekii. Jina limetokana na Sámuel Teleki, mvumbuzi wa Kihungaria aliyefika kwenye miteremko ya Mlima Kenya mwaka 1887 akiwa na Ludwig von Höhnel. Höhnel naye jina lake limebaki mlimani hapa, kwa kinyonga Trioceros hoehnelii.

Ya pili iko bondeni, penye majimaji, ambapo buti zinazama. Mnara wake wa maua ni mfupi na mnene, na vijani vyake ni vipana, vimepangwa kama vigae vya paa. Inama uangalie shada la majani chini. Katikati ya majani kuna maji, na ukifika mapema utakuta yamefunikwa na kipande cha barafu chembamba kama kioo cha saa. Barafu ya juu huyakinga maji ya chini yasigande, na maji hayo hukilinda kichipukizi kilicho katikati. Hii ni ndugu wa Lobelia deckenii, na vitabu vya zamani huiita Lobelia elgonensis. Ukipiga mnara peke yake kwa mbali, hizi mbili zinaweza kukuchanganya. Piga vijani kwa karibu, piga shada kutoka juu, piga na ardhi inapoota. Picha tatu zinatosha.

Utashangaa ukiipa programu ya simu picha ya senesio wa Koitobos ikakuambia ni wa Kilimanjaro. Sababu yake inaeleweka. Programu hizi hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kuwekwa, na mlima unaopandwa na maelfu kwa maelfu kila mwaka una picha nyingi kuliko wetu. Isitoshe, mimea yenyewe ni ndugu wa karibu. Vilele vya Afrika Mashariki ni kama visiwa: kati ya Elgon na Mlima Kenya kuna bahari ya joto ambayo senesio hawezi kuivuka kwa miguu. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha utafiti wa DNA ulioonyesha kwamba ukoo huu uliruka kutoka mlima hadi mlima ndani ya miaka milioni moja hivi, kila mlima ukizaa wa kwake. Basi programu ikisema "Dendrosenecio," iamini. Ikiendelea hadi spishi, muulize mlima.

Hivyo ndivyo ninavyozitumia: kama mtu mwenye macho makali asiyejua alipo. Kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, pendekezo la mashine ni mwanzo tu. Watu wengine huja wakaangalia, na rekodi hupata kiwango cha utafiti pale zaidi ya theluthi mbili wanapokubaliana juu ya spishi, mradi kuna tarehe, mahali na ushahidi. Hakuna aibu kuishia kwenye jenasi au hata familia. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza mwaka 1952 ikamalizika mwaka 2012, na ilifikisha spishi zaidi ya 12,000. Hakuna kichwa kimoja kinachozibeba zote. Penye utata wa kweli, kimbilio ni hebaria ya Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, ambako mimea iliyokaushwa inaweza kulinganishwa na picha zako.

Wanyama wana shida nyingine: hawakungoji. Piga ya kwanza hata kama ni mbaya, kisha sogeza polepole. Mbega ni rahisi, mweusi mwenye joho jeupe na mkia wenye kishungi, ila mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa na kila mwaka kuna anayeniletea picha akidhani amepata nyani mpya. Kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na ukanda wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso, ni mgumu kwa sababu akihisi hatari hutulia tuli. Utapita chini yake. Uso ukionekana, hata kwa ukungu, jina limepatikana. Ukikosa huku mlimani, hifadhi ndogo ya Saiwa, karibu na Kitale, ina nafasi nzuri.

Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wananifundisha subira. Dume la chozi wa malakaiti na dume la chozi wa tacazze wote wana manyoya marefu mawili mkiani. Wa kwanza ni kijani kinachometa. Wa pili kwenye kivuli ni mweusi tii, na jua likimpiga sawasawa anageuka zambarau na shaba mbele ya macho yako. Picha iliyopigwa dhidi ya mwanga hufuta tofauti hiyo yote. Hama uwe na jua mgongoni, hata ikibidi kumkosa mara mbili. Majike ni ya kijivujivu na kahawia, na dume la malakaiti nje ya msimu wa kuzaliana hufanana nao. Hapo andika "chozi" uendelee na safari.

Na wakati mwingine mnyama hayupo lakini alama yake ipo. Katika pango la Kitum, lililochimbika kama mita 200 ndani ya mlima, tembo huingia gizani usiku kufuata chumvi iliyo kwenye mwamba. Huupasua kwa pembe na kuutafuna. Mikwaruzo ya pembe kwenye kuta ni picha ya tabia ambayo haionekani kwa urahisi popote pengine. Ipige kwa tochi iliyowekwa pembeni, mwanga ukipita ubavuni mwa ukuta, na mikwaruzo itajitokeza kwa vivuli vyake. Ukimulika moja kwa moja inapotea. Popo waache kabisa. Watu wawili walioambukizwa virusi vya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango hili kabla ya kuugua, na virusi hivyo hukaa kwa popo wa matunda wa Misri. Usiwaguse, usiguse kinyesi chao, na usikae ndani kuliko inavyohitajika.

Kuna mahali ambapo picha nzuri hugeuka madhara. Ukiweka hadharani mahali halisi pa mwiritsa mkubwa, au pa okidi adimu, umemchorea ramani mwenye panga. iNaturalist yenyewe huficha mahali pa spishi zilizo hatarini, ikionyesha eneo la kama kilomita 22 kwa 22 badala ya nukta, ila haijui kila kinachowindwa kwetu. Sehemu ya kuficha ipo, itumie. Na ukituma picha hizo hizo kwenye makundi ya simu, kumbuka picha asili inaweza kubeba nukta yake ndani.

Mwezi Februari nilirudi kwenye ule mteremko mkavu. Lobelia telekii huchanua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Ile yenye manyoya ilikuwa imesimama bado, nyeusi, imekauka, vijani vyake vikitoa sauti ya karatasi kwenye upepo. Niligonga mnara kidogo kwa ncha ya kalamu na mbegu zikamwagika kiganjani, ndogo kama vumbi la unga. Nikapiga mmea mzima, nikapiga vijani vilivyokauka, nikapiga mbegu kando ya kalamu. Chini yake, kati ya nyasi, kulikuwa na mashada mawili machanga yasiyozidi upana wa kiganja, kijani kibichi. Nikainama nikayapiga kutoka juu, nikaandika mwinuko daftarini.